Shamba la Ukoo Wote: Vijiji vya Wabaptisti Katika Kisiwa cha Jamaika

Msafiri aondokaye Kingston, mji mkuu wa Jamaika, akitaka kuona mahali ambapo watumwa waliowekwa huru walianza kumiliki ardhi yao wenyewe, hana haja ya kwenda mbali. Hushika njia ya magharibi katika uwanda uliokuwa zamani wa miwa mitupu, akapita Spanish Town, mji uliokuwa makao ya Serikali mpaka mwaka 1872, kisha hugeukia kaskazini na kuanza kupanda vilima. Njia ni nyembamba na ina kona nyingi. Kando yake imesimama miembe, migomba na mishelisheli, ule mti ambao watu wa pwani ya Afrika ya Mashariki wanaujua vizuri, ulioletwa Jamaika kwa merikebu mwaka 1793 ili uwe chakula cha watumwa. Baada ya yapata maili 10 hufika Sligoville.

Mtu aliyesikia sifa za kijiji hiki huenda akavunjika moyo hapo kwanza. Hakuna jengo la kushangaza. Kuna kanisa, kuna shule, na nyumba zimetawanyika mitelemkoni, kila moja na bustani yake. Lakini akitazama vizuri, ataona jambo moja lililo la kawaida katika vijiji vingi vya milima ya Jamaika: makaburi hayakuwekwa yote penye kanisa. Mengi yako uani, hatua chache kutoka jikoni, chini ya miti ya matunda. Sababu ya makaburi hayo kuwa uani ni habari ndefu, nayo yahusu kanisa na ardhi na jamaa kwa pamoja.

Jamaika ni kisiwa chenye urefu wa yapata maili 146. Waingereza walikitwaa kwa Wahispania mwaka 1655, wakakigeuza kuwa shamba la sukari. Waafrika waliochukuliwa kwa nguvu kutoka Afrika ya Magharibi na Kongo ndio waliolima miwa hiyo, wakaikata na kuichemsha. Utumwa ulipofutwa mwaka 1834, watumwa wa kisiwa kile walikuwa yapata 311,000. Katika sheria ya watumwa ukoo haukuwa kitu. Mtoto alifuata hali ya mama yake, akawa mali ya bwana wa mama, baba hakuhesabiwa. Mume aliweza kuwa katika shamba moja na mke katika shamba jingine, na deni la bwana mmoja lilitosha kuwatenga mpaka kufa, kwani watumwa waliuzwa kulipia madeni kama ng'ombe wauzwavyo. Asiyelikumbuka jambo hili hawezi kufahamu kwa nini watu hawa, walipopata uhuru, walishikilia ndoa na ardhi kwa nguvu namna ile.

Wapo wadhanio kwamba imani ya Kibaptisti ililetwa Jamaika na Wazungu. Sivyo. Aliyeileta ni Mwafrika, George Liele, aliyezaliwa mtumwa katika Virginia, akaachwa huru na bwana wake, akahubiri Savannah katika Georgia. Vita vya uhuru vya Marekani vilipokwisha alisafiri pamoja na Waingereza, akafika Kingston mwaka 1783, naye alikuwa na deni la kulipa kwa kazi ya mikono yake. Alilipa. Kisha akalima na kuchukua mizigo ya watu kwa farasi na magari, na pamoja na watu wanne wengine waliotoka Marekani akaanzisha kanisa. Alikuwa mtu wa hadhari: hakumpokea mtumwa yeyote asiye na ruhusa ya bwana wake. Hata hivyo alitiwa gerezani kwa kushitakiwa kwamba mahubiri yake yalikuwa ya uchochezi. Mwenziwe Moses Baker alipeleka imani hiyo upande wa magharibi wa kisiwa. Misheni ya Wabaptisti wa Uingereza ilimtuma mtu wake wa kwanza, John Rowe, mwaka 1814 tu, yaani miaka 31 baada ya Liele kutia mguu Kingston. Wamisionari hao walikuta kundi tayari, nao walikuwa wageni katika nyumba iliyokwisha jengwa, ijapokuwa si wote waliokumbuka hivyo sikuzote.

Kundi hilo lilikuwa na utaratibu wake. Washiriki waligawanywa katika vikundi, na kila kikundi kilikuwa na kiongozi, ambaye mara nyingi alikuwa mtumwa kama wenziwe. Kila mshiriki alikuwa na cheti cha karatasi, nacho kilifanywa upya kila robo ya mwaka, akatoa na sadaka yake ndogo. Kiongozi aliwajua watu wake kwa majina, akawatembelea wagonjwa, akapatanisha wagombanao, na akatoa habari kwa mchungaji juu ya mwenendo wa kila mmoja. Watu wa misheni nyingine walilaumu sana vyeti hivyo, wakisema ni biashara na ushirikina. Labda palikuwa na kosa mahali pengine. Lakini afikirie msomaji: mtu ambaye jina lake halikuandikwa popote ila katika daftari la mali, kati ya nyumbu na mitambo ya kusagia miwa, sasa jina lake limeandikwa katika kitabu cha ushirika, na yuko mtu atakayeuliza kama haonekani Jumapili.

Njia za ushirika huo ndizo zilizotumiwa mwaka 1831. Sam Sharpe, mtumwa wa Montego Bay, alijua kusoma. Alikuwa shemasi katika kanisa la mchungaji Thomas Burchell, na watu walimwita Baba Sharpe. Alisoma katika magazeti jinsi mambo ya utumwa yalivyokuwa yakibishaniwa Uingereza, na baada ya mikutano ya sala aliwabakiza watu wachache akawaeleza shauri lake: sikukuu za Krismasi zikiisha, mtu yeyote asirudi shambani ila kwa kulipwa mshahara. Wakaapa juu ya Biblia. Shauri lilikuwa la kugoma tu, lakini usiku wa tarehe 27 Desemba shamba la Kensington lilitiwa moto, na moto ukaenea kilima hata kilima. Wadhaniwao kuwa walishiriki ni watu kama 60,000. Wazungu waliouawa walikuwa 14; watumwa walionyongwa au kupigwa risasi kwa hukumu walizidi 300, mbali na wale waliouawa katika mapigano. Sharpe mwenyewe alinyongwa sokoni Montego Bay tarehe 23 Mei, 1832. Baadaye mifupa yake ilizikwa chini ya mimbari ya kanisa alilotumikia, na mwaka 1975 Serikali ya Jamaika ilimtangaza kuwa Shujaa wa Taifa.

Wenye mashamba walilipiza kisasi kwa kuyabomoa na kuyachoma makanisa ya Wabaptisti. Walijidhuru wenyewe. Mchungaji William Knibb wa Falmouth alikwenda Uingereza mwaka ule ule, akatoa ushuhuda mbele ya kamati za Bunge, na kwa kuwa kanisa lake lilikuwa limevunjwa hakuwa na la kuficha. Mwaka 1833 sheria ya kufuta utumwa ilipitishwa. Wenye watumwa walilipwa fidia ya paundi milioni 20 katika himaya nzima. Watumwa hawakulipwa hata peni moja. Tena hawakuachwa huru mara moja, bali waliwekwa chini ya mabwana wao wale wale kwa jina la wanagenzi tangu Agosti 1, 1834 mpaka Agosti 1, 1838.

Usiku wa kuamkia siku hiyo ya mwisho unakumbukwa mpaka leo huko Falmouth, bandari ya mkoa wa Trelawny, iliyo upande wa kaskazini wa kisiwa. Kanisa lilijaa mpaka nje. Knibb alisimama mbele ya watu huku saa ikitazamwa, na ilipogonga saa sita ya usiku akawatangazia kwamba zimwi limekufa. Kulipokucha walileta jeneza, wakatia ndani mnyororo, mjeledi na pingu ya shingoni, wakavizika kama maiti azikwavyo. Kanisa la siku zile halipo tena, kwa kuwa tufani ya mwaka 1944 ililibomoa, na jingine likajengwa mwaka 1948, nalo huitwa kwa jina la Knibb.

Lakini mtu aliyeimba usiku ule aliamka asubuhi katika nyumba isiyo yake. Kibanda alichokaa na bustani aliyolima viazi vikuu na majimbi vilikuwa juu ya ardhi ya bwana. Sasa bwana alidai kodi. Tena wako walioitoza si kwa nyumba bali kwa kila kichwa: mume kodi yake, mke kodi yake, na mtoto awezaye kufanya kazi kodi yake. Asiyekuja kazini siku alizoitwa aliongezewa kodi. Aliyebisha aling'olewa paa, na miti yake ya matunda ikakatwa. Hila hii ilikuwa wazi. Waliotaka kumfunga mtu kwa mnyororo hapo kwanza sasa walitaka kumfunga kwa nyumba yake.

Mchungaji James Phillippo wa Spanish Town aliliona jambo hilo mapema. Mwaka 1835, kabla uhuru haujatimia, alinunua ekari 25 katika vilima kwa paundi 100, akazikata viwanja vidogo tayari kwa kuuzwa. Ndiyo Sligoville. Alikuwa na sababu ya kununua kwa jina lake mwenyewe: wenye mashamba wengi hawakupenda kumwuzia mtu mweusi kipande kidogo cha ardhi, bali shamba zima lililoshindikana waliliuza kwa mnunuzi yeyote mwenye fedha. Wa kwanza kununua kiwanja pale aliitwa Henry Lunan, aliyekuwa kiongozi wa watumwa wenziwe shambani. Jina la kijiji lilitokana na Gavana Sligo, mtu aliyechukiwa na wenye mashamba kwa kuwatetea watumwa, ingawa yeye mwenyewe alirithi mashamba mawili ya miwa kisiwani.

Fedha za kununulia zilitoka wapi? Zilitoka mikononi mwa wanunuzi wenyewe. Tangu zamani mabwana walikuwa wakiwaachia watumwa vipande vya ardhi mbaya ya milimani wajilimie chakula, ili wao wasigharimike kuwalisha. Watumwa walilima kupita walivyotazamiwa. Walipeleka viazi vikuu, ndizi na kuku sokoni siku ya Jumapili, wakaweka akiba ya shilingi juu ya shilingi. Kanisa halikuwapa watu hawa ardhi; liliwapa mtu wa kuaminika wa kusimama mbele ya mwanasheria, na ushirika wa watu waliokwisha zoea kuchanga.

Mfano huo ulienea upesi. Msafiri akivuka safu ya milima ya katikati na kuteremka upande wa kaskazini, katika mkoa wa Saint Ann, hukuta Sturge Town, kilichoanzishwa na mchungaji John Clark wa Brown's Town, kikaitwa kwa jina la Joseph Sturge, mfanya biashara wa Birmingham aliyevizuru visiwa hivi kuchunguza hali ya wale wanagenzi. Akiendelea magharibi mpaka Trelawny hukuta Kettering, kilichopewa jina la mji wa Uingereza alikozaliwa Knibb, ambako pia misheni ya Wabaptisti iliundwa mwaka 1792. Viko vingine vingi: Refuge, Granville, Clarksonville. Phillippo, katika kitabu alichokitoa mwaka 1843, alivikadiria vijiji vya namna hii kuwa kati ya 150 na 200. Mwaka uliotangulia, 1842, makanisa ya Wabaptisti ya Jamaika yalikuwa yamekwisha acha kupokea fedha za misheni, yakajitegemea. Na mwaka 1843 walifungua chuo cha kufundishia wachungaji huko Rio Bueno, wakakiita Calabar kwa jina la bandari ya Afrika ambako wengi wa wazee wao walipakiwa merikebuni. Watu wao wakarudi Afrika wakiwa wahubiri. Joseph Merrick, mzaliwa wa Jamaika, alifanya kazi Kameruni, akatafsiri Maandiko katika lugha ya Waisubu na kuyapiga chapa, akafa baharini mwaka 1849. Joseph Jackson Fuller, aliyezaliwa Spanish Town wakati wa utumwa, alitumika huko kwa zaidi ya miaka 40.

Isidhaniwe kwamba vijiji hivi vilikuwa paradiso. Bei ya sukari ilianguka, mishahara ikapungua, na kipindupindu cha mwaka 1850 na 1851 kiliua watu maelfu. Hata kanisa la Phillippo liligawanyika. Alipokuwa safarini Uingereza baadhi ya watu walimfuata mchungaji mwingine, na aliporudi pakawa na ugomvi mkali juu ya nani mwenye kanisa na mali zake. Hata mahakama yalipoamua kwa upande wake mwaka 1851, watu waliokuwa wakishiriki Meza moja walikuwa hawasalimiani. Knibb hakuishi kuyaona hayo. Homa ya manjano ilimwua mwaka 1845 akiwa na umri wa miaka 42, akazikwa Falmouth.

Na upande wa mashariki wa kisiwa, katika Saint Thomas, mambo yalikuwa mabaya zaidi. Huko Paul Bogle, mkulima mwenye shamba lake dogo katika kijiji cha Stony Gut, alikuwa shemasi wa Wabaptisti Wenyeji, yaani wale walioshika njia ya Liele na Baker bila kuwa chini ya misheni. Watu wake walilalamikia mishahara, mahakama zisizosikiliza maskini, na ardhi iliyolala bure huku wao hawana pa kulima. Mwezi wa Agosti 1865 alikwenda na wenziwe kwa miguu yapata maili 45 mpaka Spanish Town kumwona Gavana Eyre. Gavana hakukubali kuwaona. Tarehe 11 Oktoba waliandamana mpaka mahakama ya Morant Bay. Askari wa kujitolea wakapiga risasi, umati ukachoma mahakama, na watu wakafa pande zote mbili. Serikali ilipotangaza sheria ya kijeshi iliua watu 439, ikawapiga viboko watu 600, na kuchoma nyumba kama 1,000. Bogle alinyongwa. George William Gordon, mjumbe wa baraza la kutunga sheria, ambaye ndiye aliyemweka Bogle kuwa shemasi, alinyongwa pia, ijapokuwa hakuwapo Morant Bay siku ile. Mwenye kuuliza thamani ya hati ya kiwanja kimoja Sligoville na alinganishe.

Sasa na turudi uani penye makaburi.

Kanisa katika vijiji hivi lilikuwa kali juu ya ndoa, na mtu hawezi kulilaumu kwa wepesi. Watu waliokatazwa kuwa mume na mke kwa vizazi vingi walifurika kuoana mara tu mlango ulipofunguliwa. Ubatizo ulikuwa wa watu wazima, wa kuzamishwa, na mara nyingi ulifanyika alfajiri mtoni au baharini, wenye kubatizwa wakiwa wamevaa nguo nyeupe na umati ukiimba ukingoni. Aliyetoka majini alitazamiwa kuishi kwa taratibu. Akikaa na mwanamke bila harusi, jina lake lilitolewa katika kitabu, akakosa Meza ya Bwana mpaka atengeneze mambo yake. Lakini harusi ilihitaji fedha, na fedha hazikuwapo sikuzote. Wengine walihamia Panama, Cuba na Costa Rica kutafuta kazi, wakaacha watoto nyuma. Hivyo wengi wa watoto wa Jamaika, vizazi kwa vizazi, walizaliwa nje ya ndoa. Na sheria ya urithi, iliyotoka Uingereza, haikuwajua watoto hao kuwa ndugu za wale wa ndoa. Hali hii haikubadilika mpaka sheria ya mwaka 1976 ilipowapa watoto wote haki moja.

Hapo ndipo ardhi ilipofanya kazi ambayo kitabu cha ushirika hakikuifanya. Yule babu au bibi aliyenunua kiwanja kwa shilingi za viazi vikuu alisema kabla ya kufa kwamba kiwanja kile ni cha watoto wake wote na watoto wa watoto wao, mpaka kizazi cha mwisho, wala kisiuzwe. Akazikwa pale pale, ili asiwepo atakayethubutu kumwuzia mgeni kaburi la mzee wake. Edith Clarke, mwanamke wa Jamaika aliyechunguza maisha ya vijijini na kuandika juu yake katika miaka ya 1950, na Jean Besson, aliyekaa miaka mingi na watu wa Trelawny, wote wawili wameeleza desturi hii ya ardhi ya ukoo. Mwana na binti wana haki sawa. Aliyezaliwa ndani ya ndoa na aliyezaliwa nje ni sawa. Aliye London au New York haki yake haifi kwa kukaa mbali. Akirudi akiwa mzee au mgonjwa au amefilisika, hawezi kukatazwa mahali pa kujenga chumba, wala tunda la mti, wala kaburi. Hata yule ambaye shemasi amefuta jina lake, uani jina lake halifutwi. Tena mara nyingi shemasi huyo na mkosaji ni wajukuu wa bibi mmoja, wenye haki ya mwembe mmoja.

Wataalamu wa kilimo na wa benki wamekuwa wakiilaumu desturi hii kwa muda mrefu. Wasema kwamba ardhi ya watu wengi haina mtu wa kuilima kwa bidii, haiwezi kuwekwa rehani, na hugawanyika katika haki ndogo ndogo zisizo na hesabu. Maneno hayo si ya uongo. Yako maua ya vichaka mahali ambapo pangekuwa na shamba zuri, kwa sababu ndugu saba hawakuafikiana. Yuko ajengaye nyumba ya mawe bila kumwuliza mtu, na wenziwe wakirudi kutoka ng'ambo hukuta mahali pao pamekwisha. Mbaya zaidi ni yule aendaye kimya kimya kwa mwanasheria akatengeneza hati kwa jina lake peke yake. Jambo hili limevunja jamaa nyingi, na kuna ndugu waliokaa katika benchi moja la kanisa miaka mingi bila kupeana mkono kwa ajili yake. Mchungaji huitwa kupatanisha, na mara nyingi hana karatasi ya kusoma ila maneno ya mtu aliyekufa zamani.

Hata hivyo anayewashauri watu hawa wauze na wagawane fedha hajaelewa kitu gani wanachokishika. Ekari nusu ya mtelemko wenye mawe haikununuliwa ili ilete faida. Ilinunuliwa ili pasiwe tena na mtu wa ukoo ule awezaye kuambiwa hana kwao. Tufani Melissa ilipoipiga Jamaika ya magharibi tarehe 28 Oktoba, 2025 na kung'oa mapaa, mtu mwenye kiwanja cha ukoo alipoteza mabati na vyombo, lakini mahali pa kusimamishia nguzo mpya hapakupotea, wala hapakuwa na mwenye nyumba wa kumdai.

Trelawny yenyewe leo yajulikana zaidi kwa viazi vikuu vyake vya manjano na kwa Usain Bolt, mkimbiaji aliyezaliwa katika kijiji cha Sherwood Content mwaka 1986. Na wenyeji wanayaunganisha mambo hayo mawili, wakisema mbio zake zilitoka katika viazi. Falmouth ina gati la meli kubwa za watalii lililofunguliwa mwaka 2011, na watalii hupita karibu na kanisa la Knibb wakielekea kununua kofia.

Sikukuu ya Agosti 1 ilikuwa imeondolewa katika mwaka wa uhuru, 1962, kwa kuwa sikukuu ya uhuru wenyewe ni Agosti 6 na zilidhaniwa kuwa karibu mno. Ikarudishwa mwaka 1997. Majira hayo ndipo wengi walioko Uingereza, Kanada na Marekani hurudi kuona jamaa. Vyungu huwekwa motoni tangu mapema, wali na kunde, mbuzi wa mchuzi, shelisheli la kuchoma. Watoto waliozaliwa Birmingham au Toronto huonyeshwa makaburi na kutajiwa majina ya waliomo. Vijana hufyeka majani na kupaka chokaa. Kisha wazee huketi chini ya mti kuzungumza jambo la kodi ya ardhi: nani amelipa mwaka uliopita, nani atalipa mwaka huu, na yule wa New York ameahidi nini. Risiti huletwa katika bahasha, za miaka mingi pamoja, kwa kuwa mahali pengine ndizo hati pekee walizo nazo. Nyingi bado zimeandikwa jina la marehemu aliyekinunua kiwanja, nao humlipia kila mwaka kwa jina lake.